Wenye ulemavu wa viungo tunaovaa miwani, yako uliichaguaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi wenye ulemavu wa viungo ambao macho nayo yameanza kutudai. Tuambiane miwani tulichaguaje na tulipigwa wapi, maana dukani wanapima macho tu, habari za mwili hawaulizi na we mwenyewe hujui kama ni za kusema.

Naanza mimi. Polio ilikaa mguu wa kulia tangu mdogo, natembea na magongo mawili, umri 47. Miwani ya mbali ninayo siku nyingi ila mwaka juzi maandishi ya simu yakaanza kunikimbia, nikaenda kupima nikashauriwa bifokali, ile lenzi yenye kadirisha chini ka kusomea. Nikaona nafuu, miwani moja kazi mbili. Pale kwenye kiti nikasoma kikaratasi safi, nikaangalia nje barabarani safi, nikalipa. Magongo yangu muda wote huo yalikuwa yameegeshwa nyuma ya mlango.

Sasa mtu wa magongo anatembea macho chini jamani, kila hatua unatafuta pa kuweka ncha ya gongo, kuna kokoto, kuna maji, kuna ganda la embe. Na chini ndo penye kale kadirisha, kametengenezwa kwa umbali wa kushika gazeti kama nusu mita hivi, ardhi yenyewe iko mita moja na nusu, kwa hiyo ngazi naiona kama imeyeyuka. Siku ya nne nashuka ngazi za ofisini gongo likakosa ukingo. Mwenye miguu miwili akikosea ngazi anayumba anajirudisha, mimi gongo likikosa nimeshaenda. Kifundo cha mkono kilivimba wiki 3 na ndo mkono wa kushikia gongo, so nikawa mtu wa kukaa ndani.

Nilivyorudi dukani nikaingia na magongo hadi kwenye kiti, nikasimama, nikamwambia nipime hivi ninavyotembea. Tukaishia miwani miwili, ya mbali natembea nayo, ya kusomea inaning'inia shingoni kwa kamba fupi (ukiweka ndefu inanasa kwenye gongo, nshajaribu). Karibuni.

Bajaji ya Tandika
Mkuu pole sana. Mi niko kwenye kiti cha magurudumu ila kazi yangu bajaji, imefungwa breki ya mkono. Duka nililoenda lina ngazi 3 na mlango mwembamba, basi yule kijana akawa ananiletea fremu nje, tano tano kwenye trei, najaribia kwenye kioo cha pembeni cha bajaji. Kile kioo si kinapunguza vitu? nikajiona nimependeza balaa, kufika home wife akacheka hadi akakaa chini, fremu imemeza uso wote.

Ila ubaya wenyewe ulikuwa mikono ya miwani, ilikuwa mipana kama rula. Mi shingo sigeuki sana, nachungulia vioo kwa jicho la pembeni, ule mkono wa miwani umekaa palepale bodaboda anapotokea. Nilibadilisha nikachukua ya waya mwembamba. Na kama unaendesha usiku waambie wakuwekee lenzi za kuzuia mng'ao, inaongeza hela kidogo ila taa za malori zinapungua kukutawanyikia machoni.

mkono mmoja tu
Mimi nilipata kiharusi miaka 5 iliyopita, mkono wa kushoto umelala. Hakuna aliyeniambia kwamba miwani ni kitu cha mikono miwili. Unaivaa kwa mmoja unaivuta upande, kila siku inafunguka kidogo kidogo, skrubu inalegea, baada ya miezi 2 ukiinama tu imeanguka kwenye sufuria. Nimeshaipoteza lenzi kwenye mchicha, nikaikuta tulipokuwa tunakula. Siku hizi nachukua fremu yenye springi kwenye bawaba, ile mikono inakwenda nje na kurudi yenyewe, na iwe ya plastiki isiyo na vile vipedi vya puani vya kukaa kwenye vijiwaya maana ukiivua kwa mkono mmoja vinapinda.

Kuisafisha nilikuwa naibana na magoti nafuta na kanga, lenzi ikajaa mikwaruzo ndani ya mwezi. Sa hivi naiweka chini ya bomba, sabuni ya maji tone moja kwa kidole, naitikisa, naiacha kwenye taulo ikauke.

Na kuna hili watu wa kiharusi walisikie vizuri. Nilikuwa nagonga milango upande wa kushoto, nakula nusu ya sahani naacha ya kushoto nasema chakula kimeisha. Nikabadilisha miwani mara mbili hela yangu ikaenda. Daktari wa tatu ndo akanifunika jicho moja moja akasogeza kidole, akaniambia macho yote mawili hayaoni upande wa kushoto, ni ubongo si lenzi, hakuna namba itakayorudisha. Akanifundisha kugeuza kichwa makusudi. Ombeni hicho kipimo kabla hamjachagua fremu yoyote.

mzee wa mtaa
mbona mnajitesa, miwani ya kusomea kuna machinga anauza elfu 5, chukua ukasome mwisho wa story

Mwanzisha uzi
Mzee ya elfu 5 lenzi zote mbili namba moja, mi jicho la kushoto na la kulia haziongei lugha moja. Ukiwa na macho yaliyo sawa hongera, chukua.

mama watoto Kisauni
Mimi mtoto wangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo, haongei. Nilikuwa nauliza kila mtu atapimwa vipi na herufi hajui na kichwa hakitulii? Kumbe si lazima aseme kitu. Walimtia dawa ya matone ikapanua mboni, kisha daktari akawa ammulika kwa kitochi huku akipitisha vilenzi mbele ya jicho, mtoto nimempakata mimi, akapata namba hapo hapo. Ile mashine ya kuweka kidevu hatukuigusa.

Fremu sasa ndiyo iliyonitoa jasho. Kiti chake kina vishikio vya kichwa pande zote mbili, basi kila akigeuka kishikio chasukuma mkono wa miwani, miwani yaruka puani yamchoma jicho. Tukapata ya mpira mtupu haina chuma, badala ya mikono ina ukanda wa kuvutika nyuma ya kichwa, na lenzi za polikaboneti, ile plastiki ngumu, kwa sababu akianguka ile haipasuki vipande. Wiki 2 za mwanzo alikuwa aitupa chini kama ameudhika nayo. Mimi nilikuwa namvalisha wakati wa katuni tu, dakika 10, naitoa kabla hajaitoa yeye. Bado kuna siku haitaki na sishindani naye.

futi nne
Dada wa dukani kaniona kimo changu kanipeleka moja kwa moja kabati la watoto, lile la vikatuni. Nina miaka 31 na mwalimu wa sekondari. Na hata hazinitoshi! Kichwa changu ni kipana kuliko chake, hizo za watoto zilinibana hadi panda za uso zikauma. Ninachohitaji ni fremu pana ya mtu mzima ila daraja la pua liwe chini, maana pua yangu imelala pale juu miwani inateleza hadi mdomoni. Fundi mmoja alipasha moto mikono ya miwani akaikunja upya nyuma ya sikio, ikakaa.

mjukuu wa babu
Hiyo ya kukunja mikono nyuma ya sikio ndo iliyomsaidia babu. Alipona ukoma zamani ila pua ilishabonyea na vidole vimebaki vifupi, fremu za kawaida hazina pa kukaa. Walimwekea mikono ya waya inayozunguka sikio lote. Na kope zake hazifungi vizuri, kwa hiyo hata asiposoma anavaa kwa ajili ya vumbi, jicho lenyewe halina hisia linaweza kuingia mchanga asijue.

shingo ngumu
Wakuu mi uti wa mgongo umekakamaa hadi shingoni, siwezi kuinua wala kuinamisha kichwa. Wameniandikia progresivu, ile lenzi isiyo na kadirisha inayobadilika taratibu kutoka mbali juu hadi kusomea chini, nasikia ukitaka kusoma unashusha macho, je itanifaa au niishie kama mwanzisha uzi?

Mwanzisha uzi
Mkuu progresivu sehemu ya kusomea iko chini na nyembamba, we unasoma kitabu umekishika wapi, kifuani au mezani? Usiwajibu kwa mdomo. Nenda na kitabu chenyewe, kaa unavyokaa kwako, wakuwekee alama ya kalamu kwenye lenzi pale jicho linapopitia kabla hawajakata. Na kama hawajakata bado wapigie kesho asubuhi.

shingo ngumu
Wanakata Alhamisi. Nawahi.