Mrejesho: Toyota MR2 iliyopandisha joto baada ya kufungwa rejeta ya alumini

Wakuu, swali lilikuwa kwa nini MR2 (toleo la SW20, injini ya turbo 3S-GTE) inachemka kwenye foleni za Kampala baada ya kuwekewa rejeta ya alumini. Ni hewa iliyonasa kwenye mfumo wa kupoza. Gasketi ya silinda hedi ni nzima.

Injini iko nyuma ya viti, rejeta iko mbele kabisa, na paipu ndefu zinapita chini ya sakafu. Ukijaza maji kama unavyojaza Corolla, hewa inanasa kule mbele. Chini ya boneti ya mbele kuna valvu mbili za kuitolea, moja ya rejeta, nyingine ya hita. Kabla ya kununua rejeta isiyo ya kiwandani, hakikisha ina hiyo valvu.

Weka hita kwenye joto la mwisho. Chomeka mpira mwangavu kwenye kila valvu, uninginize juu kuliko mdomo wa kujazia ulio upande wa injini, kisha fungua valvu na umimine kulanti (maji ya kupoza injini) polepole mpaka mapovu yaishe. Funga, washa injini hadi feni izunguke, iache ipoe kabisa, rudia. Mfumo unabeba takriban lita 13. Ukiona umejaa kwa lita 9, hewa bado imo.

Mipira na klipu za soko la vipuri la Kisekka zinafaa. Kofia ya rejeta nunua mpya: kwa mwinuko wa Kampala, takriban mita 1,200, maji matupu huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo kofia iliyolegea, isiyoshika presha, inakumaliza mapema.