Natto inalikaje? Harufu, ute na ule mchuzi wa pakiti

Mgeni_Mito
Wakuu, habari za jioni. Niko Japani kikazi, na hapa mjini Mito natto, yaani soya iliyochachushwa, iko mezani kila asubuhi. Harufu kali, halafu ute wake unavutika kuliko mlenda. Nataka kuizoea taratibu, siyo kubana pua na kumeza. Nianze na aina ipi, naichanganyaje, na nikiipasha moto harufu itapungua? Situmii kitu chenye pombe.

FundiJiko
Usiipashe, mkuu. Joto ndilo linaloamsha harufu. Hata wali unaofuka mvuke unatosha. Pakua wali, uache upoe kidogo, ndipo utoe natto kwenye friji.

Watakushauri uanze na hikiwari kwa kuwa ni laini. Laini ni kweli, lakini soya yake huvunjwavunjwa kabla ya kuchachushwa, bakteria wanapata pa kushika pengi, na ladha mara nyingi huwa kali zaidi. Chukua kotsubu, yenye punje ndogo nzima.

Kiboksi huwa na gramu 40 hadi 50. Kwa kuanzia, kijiko kimoja cha chai juu ya wali kinatosha. Toa kwanza vipakiti vya mchuzi na haradali. Ile nailoni iliyolalia soya usiivute moja kwa moja, ute utakufuata mpaka kwenye shati: ibane katikati kwa vijiti, izungushe nyuzi zikatike, ndipo uinue. Koroga kavu mara 30 hivi hadi litoke povu jeupe, kisha tia mchuzi. Mchuzi ukitangulia, ute unalegea na povu halishiki vizuri.

Bi_Siki
Mara 30 ni kwa aliyekwisha kuizoea! Kukoroga ndiko kunakozalisha nyuzi. Anayekwazwa na ute ageuze mara tano tu, tena atangulize kimiminika makusudi: matone machache ya siki. Siki inatuliza ile harufu ya amonia. Ongeza haradali na majani ya vitunguu yaliyokatwa membamba. Yai bichi liache kwanza, linazidisha utelezi.

Kuhusu pombe, tatizo si soya, ni kile kipakiti. Soma viambato: ukiona 酒精 au アルコール (yote mawili ni pombe) au みりん (mirin, kiungo kitamu cha mchele chenye pombe), kiweke kando. Hata chupa nyingi za sosi ya soya zina 酒精, kwa hiyo chumvi na ndimu ndiyo njia rahisi. Wasiokula samaki nao waangalie, mchuzi huo mara nyingi una dondoo ya samaki.

Dawa_na_Chakula
Kabla ya yote: anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asile natto kabisa. Ina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo, na kupishanisha saa za dawa na chakula hakusaidii. Mwenye mzio wa soya naye akae mbali.

Mgeni_Mito
Asanteni sana. Na zile chembe ngumu, kama mchanga? Imeharibika?

FundiJiko
Hiyo ni tairosini, aina ya asidi amino kutoka kwenye protini ya soya, hujitokeza natto ikikaa sana. Haina sumu, ila inakera mdomoni na amonia nayo huwa imepanda. Hifadhi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Usipoimaliza kabla ya tarehe, gandisha kiboksi ndani ya mfuko uliofungwa, kisha kihamishie kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kula. Bakuli liloweke dakika kumi na ulisuuze kwa mkono kwanza. Ukianza na sponji, nyuzi zote zinahamia humo.