Mtoto anafukua mbegu kila asubuhi, nifanyeje?

MamaWawili_Tabata
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina watoto wawili, miaka 9 na 6, likizo hii nikasema TV imezidi ngoja niwatafutie kitu cha kuchafua mikono. Tunaishi nyumba ya kupanga, uwanja ni huu wa mbele ya mlango tu na tunashea na wapangaji wengine, basi nikachukua ndoo mbili zilizopasuka juu na kiroba cha mchele tukajaza udongo tukamwaga mbegu za mchicha. Siku ya kwanza ilikuwa sherehe, mpaka mtoto wa jirani kaja na kijiko chake.

Sasa huyu wa miaka 6 kila akiamka, hata uso hajanawa, anaenda kufukua kwa kidole aone kama imeota. Nikimkataza ananiambia "mama nilikuwa naisalimia tu". Leo siku ya tisa hakuna hata jani, ndoo imekuwa bwawa la kambare maana wanamwagilia kwa zamu na kila mmoja anadai mwenzake hajamwagilia. Mkubwa kashakata tamaa karudi kwenye katuni. Nimekosea wapi, na kuna kitu gani kingine naweza kufanya nao kisichohitaji shamba?

BabuBamia
Mwanangu, ndoo umeitoboa chini? Kama hujatoboa basi mbegu zimeoza zamani, anachofukua mjukuu wangu hapo ni marehemu. Toboa matundu matano sita kwa msumari wa moto, weka kokoto kidogo chini ndio udongo ufuate.

Halafu mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga, ukiifukia kina cha kidole haitoki. Changanya na mchanga mkavu kiganja kimoja, mwage juu juu, pitisha mkono kama unafuta meza, funika na nyasi kavu basi. Ikianza kuchungulia toa nyasi. Bila mchanga watoto wanamwaga zote sehemu moja, zinaota kama nywele. Samadi iwe imeoza ikawa kama udongo, ile mbichi inaunguza miche. Ukifanya hivyo ndani ya wiki unaona kijani, na wiki ya nne mnachuma. Kumwagilia wape kopo moja tu lililotobolewa kitako, asubuhi na jioni, likiisha limeisha.

Teacha_wa_Chekechea
Babu kamaliza kwenye mchicha ila dada tatizo lako sio mchicha, mtoto anataka kuona na udongo unamficha. Usimpige vita, mpe cha kuona. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, zungushia tishu ndani kwenye ukuta wa chupa halafu jaza udongo au pamba katikati ili tishu ibane. Punje tatu za maharage yaliyolowekwa usiku kucha zichomeke kati ya tishu na plastiki. Tishu iwe na unyevu tu isielee. Siku ya tatu au ya nne mzizi unatoka unaelekea chini, na hapo ndio raha, igeuze chupa ilale upande muone mzizi unavyokata kona kufuata chini tena. Darasani kwangu kuna mmoja alikaa anauangalia kama anaangalia mpira, akaniuliza "nani amemwambia chini ni huku?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kamau_Gunia
Hapa Nairobi nafasi hakuna kabisa, so tunapanda kwa gunia, Kibera utaziona kila mahali. Chukua mkebe wa rangi utoe kitako, usimamishe katikati ya gunia, jaza mawe madogo ndani ya mkebe na udongo wenye mbolea kando yake, halafu vuta mkebe juu kidogo urudie mpaka gunia ijae. Hayo mawe ndio yanapeleka maji mpaka chini. Miche ya sukuma wiki unachomeka juu na pia kwa mashimo ya pembeni, na watoto wangu walipigania hayo mashimo ya pembeni vile hujawahi ona. Kila mtoto akuwe na upande wake, ama vita haiishi.

MtuWaPwani77
Mimi nitawaudhi. Tuliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule tulilijua vizuri, na mimi mpaka leo nikiona jembe nasikia filimbi ya zamu, maana ukichelewa namba unapewa tuta. Wazo la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967 lilikuwa zuri lakini kwetu lilifika kama adhabu. Kwa hiyo mama, mtoto akikuharibia hiyo ndoo usimfokee. Na huyo mkubwa aliyerudi kwenye katuni muache.

Huyo jaribu kumpeleka kwenye mlimau au mndimu wowote. Pindua majani machanga, utakuta viwavi vidogo vinafanana kabisa na kinyesi cha ndege, ndio ujanja wao hao wasiliwe. Mchukue mmoja na tawi lake weka kwenye kopo pana, funika na kipande cha chandarua kilichochakaa, kila siku majani mabichi ya ndimu na kinyesi umwage. Akikua anageuka kijani, ukimgusa mgongoni anachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani zinanuka vibaya, watoto watacheka mpaka walie. Baadae anajining'iniza kijitini anakuwa pupa, na kama wiki mbili hivi anatoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wale viwavi wenye manyoya msiguse, wanawasha.

MamaWawili_Tabata
Jamani ahsanteni, babu ndoo kweli haikuwa na tundu hata moja, nimeona aibu. Tumemwaga tumeanza upya. Chupa ya maharage iko dirishani, mzizi umetoka jana na bwana mdogo anaamsha nyumba nzima saa kumi na mbili kuutangaza. Mkubwa kapata viwavi wawili kwenye mndimu wa mwenye nyumba, sasa hivi kaficha kopo chini ya kitanda kwa sababu kuku wa jirani kashaingia mpaka sebuleni. Swali la mwisho, hivi viwavi vinakula hivi usiku na mchana? Mndimu wa watu unaisha.