Field ya ziara za nyumbani: bibi anasema anameza dawa lakini presha haishuki

nesi_mtarajiwa
Habari wakuu. Mimi mwanafunzi wa unesi mwaka wa pili, tupo field kituo kimoja cha afya huku Chamwino, wiki hii tumeanza kutembelea wateja majumbani. Nimepangiwa bibi wa presha, anakaa kwenye nyumba ya tembe na wajukuu wawili. Mara ya kwanza nimepima 178/104, juzi nimerudi nakuta 172/100, na kila nikiuliza dawa ananijibu "nameza mjukuu wangu, nameza". Somo nimempa lote, chumvi, mafuta, mazoezi (mazoezi jamani, mtu anafuata maji na ndoo ya lita 20 kichwani, nilijiona mjinga mwenyewe) anaitikia tu haya, haya. Sasa mkufunzi anataka ripoti ina tatizo, mpango na matokeo, mimi matokeo sina. Niandike tu mteja hafuati masharti?

Kapuku wa Nkuhungu
Andika hivyo upite dogo, nani ataenda Chamwino kuhakiki

sista_wa_zamu
Usimsikilize huyo. Kwanza ulimpima akiwa katika hali gani? Kama ndo katua ndoo unamfunga mkanda juu ya blauzi hapo hapo, hiyo namba siyo yake. Akae kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na msiwe mnapiga stori.

Halafu hilo swali "unameza dawa?" kwa mtu mzima aliyekaa na mgeni mwenye yunifomu lina jibu moja tu. Mwambie bibi naomba nione dawa zako, uzihesabu taratibu huku mnaongea. Mimi kipindi nipo field Mpwapwa nilikuwa na mama kama huyo, ziara mbili sipati kitu, ya tatu nimemkuta anabangua karanga nikavuta kigoda nikabangua naye, madaftari nimeweka pembeni. Karibu debe linaisha ndo ananiambia ile dawa ya kukojosha anatakiwa ameze jioni, na choo kipo nyuma ya zizi, usiku anaogopa nyoka, kwahiyo anairuka. Mwezi mzima!! Tukampeleka kwa daktari akamhamishia asubuhi, kwisha habari. Kwenye kadi yake ya kliniki waliandika mgonjwa msumbufu.

Mgogo halisi
Umeuliza chumvi, magadi umeuliza? Huku mlenda bila magadi haulainiki, na magadi ni sodiamu hiyo hiyo ya kwenye chumvi. Bibi akikwambia chumvi situmii hajadanganya, sufuria la mlenda linachemka jikoni hapo na bonge lake la magadi ndani. Ila usije ukamwambia aache mlenda, ataanza kukukimbia, huo ndo mboga ya kila siku na ugali wa uwele. Mwambie aweke kipande kidogo kuliko alivyozoea. Na ukifika mlangoni sema mbukwenyi, ndo salamu ya Kigogo, hata kama kinachofuata hukijui watacheka na kigoda utapewa.

Kapuku wa Nkuhungu
Kwahiyo nesi anaenda kubangua karanga, serikali inalipa 😂

sista_wa_zamu
Kapuku ukiugua usiniite.

nesi_mtarajiwa
Asanteni sana, mrejesho. Nimerudi leo asubuhi, nimesema mbukwenyi wajukuu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nimempumzisha kwanza ndo nikapima, 164/98, bado ipo juu ila siyo ile ya mwanzo. Magadi kweli anatumia, kanionyesha bonge kama ngumi. Nikaomba kuona dawa, akafungua fundo la kanga, zipo aina mbili na moja imepungua kuliko siku nilizohesabu, mimi nikajua labda anameza mbili mbili. Nikanyamaza tu. Baadaye kidogo akasema zile nyingine kampa mama jirani, naye ana presha na siku hizi hana hela ya dawa, "siwezi kumeza yeye ananiangalia". Kwahiyo bibi anameza siku moja moja, nyingine ni za jirani.

Sista hapo nimekwama kabisa, kumkemea nimeshindwa. Nimemuomba kesho anipeleke kwa huyo jirani na mashine yangu, kakubali, kasema twende kabla jua halijawa kali. Ripoti bado haina hata mstari.