Kill -9 kwenye skripti ya deploi?! Yule jamaa leo kanimaliza

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Mnamjua, kila timu inaye. Kasukuma deploi (toleo jipya la mfumo) jioni hii woka zangu, programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, zikiwa katikati ya kukata malipo ya wateja. Skripti yake inazizimaje? Kill -9, amri ya kuua programu papo hapo bila kuiacha imalize!

Sidekiq, inayoendesha woka hizo, ukiipelekea ishara ya TSTP inaacha kuchukua kazi mpya. Ukiipelekea TERM inakupa sekunde 25, kazi isiyoisha inairudisha Redis, inakokaa foleni. Yote yapo kwenye mwongozo. Yeye kaja na panga. Hata mwizi huambiwa simama kwanza! Kazi zilizokuwa mkononi hazipo kwenye foleni, hazipo kwenye zilizofeli, hata kaburi hazina.

Nikamuuliza kwa upole. Akanijibu mbele ya kikao kizima: "Woka ni woka tu, si utawasha tena?"

SI UTAWASHA TENA! Nimewasha. Kuna mteja kakatwa hela, risiti hana. Naye nimwashe tena? Kill -9, jamani!

Kobe wa Seva: Pole mkuu. Wetu haziui kabisa. Tovuti mpya, woka bado zinaendesha msimbo wa mwezi jana. Capistrano, chombo chetu cha deploi, kwa kawaida inabakiza matoleo 5, kwa hiyo deploi 5 zikipita folda yao inafutwa, zenyewe zipo hai zinatafuta faili ambazo hazipo. Mizimu mitupu.

Mama Foleni: Mleta uzi, nawe una lako. Hata TERM ingekurudishia kazi ile ikaanza upya, mteja angekatwa mara mbili. Kwa nini huangalii kama ameshalipa?

Mleta uzi: Hilo nakubali mama, kesho naliandika. Lakini kill -9?!

Sekunde Thelathini: Mnadeka. Sisi Kubernetes, inayosimamia programu zetu kwenye seva, inasubiri sekunde 30 kisha inaua, na ripoti yetu inachukua dakika 12. Nigombane na nani?

Mama Foleni: Ongeza muda wa kusubiri kwenye usanidi, au ikate ripoti vipande.

Nyundo: Na anayefuta safu ya jedwali wakati woka za zamani bado zinaisoma? Wetu kafanya leo. Makosa yanamiminika hadi sasa hivi.

Sekunde Thelathini: Weee! Kwenye hifadhidata ya wateja?

Mleta uzi: Kill -9 jamani...

Kobe wa Seva: Subiri kwanza mkuu. Nyundo, endelea, safu gani hiyo?