Naomba ushauri: santuri za Kikongo zimenikuta Kolombia

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko Barranquilla, pwani ya Karibi ya Kolombia, kikazi. Nilitegemea salsa na vallenato, basi. Kumbe Jumapili mtaani wanafungulia soukous, dansi ya Kikongo, ya miaka ya 1980, tena kwa picó, yale maspika makubwa yaliyochorwa rangi kali, hadi madirisha yanatetemeka. Mbilia Bel na Kanda Bongo Man wanajulikana kwa wazee wa huku kuliko kwa vijana wengi wa Dar! Santuri zililetwa na mabaharia na wafanyabiashara tangu miaka ya 1970, na champeta, muziki wao wa dansi wa pwani hii, imechota humo.

Shida ni kwamba wenye picó walikuwa wanabandua lebo ili mshindani asijue wimbo umetoka wapi, kisha wanaupa jina lao. "Nakei Nairobi" huku ni "El Mambote". Sasa jirani yangu mzee ana makasha ya santuri zisizo na lebo. Kaona mimi Mwafrika, kaamua nimtajie waimbaji na kumtafsiria. Lingala yangu inaishia kwenye "bolingo" (mapenzi). Nikimwambia hivyo anadhani namnyima.

Programu ya simu ya kutambua nyimbo imegonga mwamba kwa nyingi. Kuna wakusanyaji wa santuri Kinshasa, Nairobi au Dar wanaoweza kutambua kwa vipande vya sauti? Nirekodi sehemu ya kuimba au sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea? Halafu anasisitiza kunilipa. Nipokee, au kwa mzee wa rika la babu ni aibu?