Chios, Ugiriki: Mesta, Pyrgi au Anavatos?

NyotaYaPwani: Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mume wangu tunaishi Ujerumani, na mwezi wa tisa tutakuwa Uturuki. Tumeamua tuvuke kwa feri kutoka Çeşme hadi Chios, ni karibu tu. Tuna siku mbili na usiku mmoja. Shida yetu si fukwe, tunataka vijiji vya zamani. Nyie mliofika, mngeanzia wapi, na mngelala wapi?

Kibwana_Piraeus: Dada, laleni Mesta. Nimefika mara tatu na bado sijakichoka. Enzi za Wagenoa, yaani watu wa Genoa ya Italia, waliokishika kisiwa kuanzia 1346 hadi 1566, maharamia hawakuwa na likizo, kwa hiyo kijiji kizima kilijengwa kama ngome. Nyumba za ukingoni zimeshikana migongo, na migongo hiyo ndiyo ukuta wenyewe; milango inatazama ndani. Mapaa ni bapa na yanakaribia kulingana kimo, ili watu wakivamiwa wakimbie juu kwa juu hadi kwenye mnara wa katikati. Mnara haupo tena, mahali pake pana kanisa kubwa la Taxiarchis. Vichochoro vingi vimefunikwa na matao. Aliyezoea Lamu hatashangazwa na wembamba wake, atashangazwa na kiza cha mchana. Wageni wa mchana wakishaondoka, unasikia vijiko vikigonga sahani ndani ya nyumba za watu. Ndiyo maana nasema laleni, msipite tu.

BintiSeif_Muscat: Mesta sawa, lakini mimi Pyrgi ndiyo iliyonikaa moyoni. Kuta zote zimechorwa maumbo ya pembetatu, miduara na nyota, nyeusi na nyeupe. Si rangi ya brashi: ukuta hupigwa lipu yenye mchanga mweusi, ukapakwa chokaa juu, kisha fundi anakwangua chokaa kikiwa bado kibichi mpaka weusi utokeze. Wenyewe wanaita xysta. Na kwenye roshani mashada ya nyanya ndogo yananing'inia yakauke, mekundu juu ya ule weusi na weupe.

Tena mwezi wa tisa ni msimu wa mastika, utomvu ambao masoko ya Waarabu huuita mastaka na sisi huku tunautia kwenye aiskrimu. Mti wenyewe ni mfupi, umepindapinda. Chini yake hufagiliwa na kumwagwa udongo mweupe, halafu gome huchanjwa, na matone yanaangukia pale yakagande. Muombeni mkulima awape tone moja mtafune. Mwanzo ni chungu, halafu linakuwa laini na kinywa kinapoa.

Mzee_wa_Safari: Wanangu, msiiache Anavatos. Ipo juu ya genge, mawe yake rangi moja na mlima, huioni mpaka umeikaribia. Mwaka 1822 jeshi la Waosmani wa Uturuki liliua maelfu ya watu wa Chios na wengine wengi wakauzwa utumwani. Wenyeji husimulia kwamba wa Anavatos walijirusha gengeni wasikamatwe. Vijiji vya mastika, kama Mesta na Pyrgi, vilinusurika kwa kiasi kikubwa, kwa sababu utomvu wao ulitakiwa na Sultani. Ukikaa Mesta tu, unaona upande ulionusurika.

Njiani piteni Nea Moni, monasteri ya karne ya 11 iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1990. Michoro yake ya vijiwe vya dhahabu itawapendeza, lakini ingieni pia kanisa dogo la langoni. Mafuvu ya waliouawa yamehifadhiwa pale. Mimi nilivua kofia nikasimama kimya.

Kibwana_Piraeus: Mzee, shikamoo. Nakubali, ila kwa siku mbili bila gari Anavatos itawalia nusu siku. Mabasi ya kwenda kusini yapo, ya huko mlimani si ya kutegemea. Na waende asubuhi, jua la mchana halina kivuli.

NyotaYaPwani: Shikamoo Mzee. Asanteni sana nyote. Basi tutakodi gari bandarini: siku ya kwanza Nea Moni na Anavatos, jioni tulale Mesta, kesho yake Pyrgi. Mume wangu anauliza kama kuna pa kuogelea karibu na Pyrgi.

BintiSeif_Muscat: Mavra Volia, pale Emporeios. Kokoto nyeusi tupu za volkano, zinavutia kutia mfukoni, lakini kuzichukua ni marufuku. Vaeni viatu vya maji, mchana zinaunguza.